Tundu la Kushoto

Dereva wa basi la shule hakuwa mzee kiasi hicho, na breki zake zilikuwa nzima kabisa, lakini watoto walimwita Mzee Breki kwa sababu alisimamisha basi kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya mfuko uliopeperushwa na upepo, na safari moja kwa ajili ya kivuli cha basi lenyewe. Wazazi walimpenda kwa hilo. Waliokuwa nyuma yake barabarani walikuwa na maneno mengine, nami sitayarudia hapa.

Mtu mwoga namna hiyo ungedhani angejiweka mbali na mambo ya angani. Wapi! Kila Jumapili alikuwa kwenye uwanja wa mpira, rimoti kifuani, akirusha ndege.

Ndege zake alizitengeneza mwenyewe kwa mabango. Ile plastiki nyepesi ya mabango ya barabarani, yenye ngozi mbili na vijia vyembamba katikati. Bango likishapitwa na wakati, yeye analiomba, analiosha, analilaza kwenye meza ya jikoni na kuanza kukata. Alikuwa na sheria zake. Vijia lazima viende na urefu wa bawa, la sivyo bawa litajikunja likipata upepo wa kwanza. Pale usukani wa mkiani unapotakiwa kucheza, unapasua ngozi ya juu tu na ya chini unaiacha, hapo umepata bawaba bila msumari. Akikosea akakata ngozi zote mbili, utamsikia hadi kwa jirani.

Ndege yake kipenzi ilikuwa na bawa lililokatwa kwenye bango la chumba cha kupanga, na neno INAPANGISHWA lilibaki limetanda kutoka ncha hadi ncha. Mkewe akaibatiza Mpangaji.

“Mpangaji gani huyu,” alisema, “kanyang’anya meza yangu ya jikoni na bado kodi halipi.”

Mke huyu alikuwa msusi. Alisukia barazani, mbele ya kioo kikubwa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mumewe mara tatu. Kwa hiyo siku Mpangaji alipokuwa akiungwa, yeye ndiye aliyeshika waya wa usukani. Ndani ya tumbo la ndege kuna mota ndogo, ina mkono mfupi wenye tundu kulia na tundu kushoto. Waya unatoka hapo mpaka mkiani. Ukiutia tundu moja, usukani unalala upande huu. Ukiutia tundu la pili, unalala upande ule. Mengine yote ni gundi na subira.

“Tundu la kulia,” dereva alimwambia siku ile, kwa sauti ya mtu anayeapisha. “La kulia, mama watoto, usisahau.” Na mama watoto hakusahau. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ila hakuna aliyejua.

Kwa sababu baadaye rimoti ilikufa maji. Ilidondoka kutoka kwenye rafu ikatumbukia kwenye ndoo ya kuoshea wateja nywele, na dereva alikuwa ameshakatazwa, tena kwa kidole, asiiweke kwenye rafu ile. Badala ya kusema, alinyamaza kimya akaenda kwa fundi redio, akapata nyingine iliyotumika, inayofanana na ya kwanza kama pacha.

“Iko safi,” fundi alisema, “ila kulia na kushoto vimebadilishana. Hamisha waya tundu la pili, yameisha.”

Akahamisha. Tundu la kushoto. Jumapili ile Mpangaji aliruka vizuri hata waliokuwa wakicheza mpira wakasimama kutazama, na mkewe hakuambiwa kitu. Mwanamume mzima anaogopa kuambiwa “si nilikwambia?” Basi.

Jumapili iliyofuata ndege ilipaa, ikanyooka mpaka juu ya goli la mbali, upepo ukaigeuza kurudi. Dereva akasukuma kijiti cha rimoti kulia. Ikaenda kushoto. Akasukuma zaidi, ikazidi kwenda kushoto, na kabla hajapata la kufanya ikajitupa kwenye wavu wa goli, bawa likining’inia na lile neno lake.

Kwanza alijilaumu kwa kosa la wanagenzi. Ndege ikiwa inaondoka, kulia kwake ni kulia kwako. Ikiwa inakuja usoni pako, pande zinageuka, na mikono inasahau. Lakini alipofika nyumbani akaifungua, aliukuta waya kwenye tundu la kulia. Alikaa akiutazama. Ina maana hakuuhamisha? Kama hakuuhamisha, Jumapili iliyopita iliruka vipi? Na kama aliuhamisha, huu ulioko hapa ni waya wa nani? Kichwa kilizunguka. Akaurudisha tundu la kushoto, akaenda zake kulala mchana.

Jumapili ya tatu hakuthubutu kurusha kabla ya kupima. Alisimama uwanjani, akasukuma kijiti kulia, na usukani ukalala kushoto. Akafungua. Tundu la kulia tena. 

Sasa ni lazima niwaambie habari ya baba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuitaja, hata kwa mkewe ambaye aliyaona. Baba yake alikuwa seremala, na mambo yake yalianza hivyo hivyo, kwa vitu vidogo. Siku moja alifunga kitasa cha mlango upande wa bawaba. Watu walicheka, naye akacheka nao. Kisha alikata miguu ya meza, mitatu sawa na mmoja mfupi, akabisha kwamba yote ni sawa. Mwisho alikuwa akimkaribisha mwanawe ndani kwa heshima zote, “karibu bwana, wewe ni mgeni wa nani?” Dereva alikuwa ameiweka ile sauti mahali ndani yake ambapo hapafunguliwi. Sasa pamefunguka.

Alichukua kalamu ya wino mwekundu, akaweka alama pembeni ya tundu la kushoto, nukta nene ambayo hata kipofu angeigusa. Akatia waya hapo. Akautazama mpaka macho yakamuuma. Na Jumapili, uwanjani, waya ulikuwa tundu la kulia, na nukta nyekundu imebaki peke yake ikimkodolea jicho.

Hakurusha. Alirudi nyumbani na ndege kwapani.

“Leo mapema?” mkewe aliuliza.

“Upepo,” alisema. Nje hata jani halikutikisika.

Wiki ile aliendesha basi kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Akifika njia panda alitazama mikono yake kwanza, kuhakikisha ipi ni ipi. Watoto wakapiga kelele, “Mzee Breki, kijani! Kijani!” naye akawa anajiuliza kama kweli ni kijani au anaambiwa tu. Alikuwa na woga hasa. Nyuma yake kuna watoto wa watu, na mbele yake kuna kichwa ambacho hakijui kilichokifanya jana. Ijumaa akakata shauri. Aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akaweka funguo za basi mezani.

“Kichwa changu hakiko sawa, mwalimu. Sitaki kungoja mpaka mnitoe mtaroni.”

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaivaa, akavua tena. Akasema basi, mhasibu ana leseni, atashika usukani kwa muda. Dereva alipotoka aligusa bodi la basi kwa kiganja, akatembea kwenda nyumbani kwa miguu.

Njiani alijipa moyo kwa jambo moja tu: mkewe atamkemea. Atasema acha upuuzi wako, mwanamume mzima, kesho rudi kachukue funguo zako. Alikuwa amemzoea miaka yote na alimjua hivyo. Alimkuta barazani akimalizia kichwa cha mteja, akangoja mteja aondoke, akamweleza.

Msusi akaweka kitana chini. Macho yakamjaa.

“Afadhali umeliona mwenyewe, baba watoto,” alisema. “Mimi nilikuwa nakosa namna ya kukwambia.”

Dereva alihisi kiti kimeondolewa chini yake, na huku amekikalia. Kwa hiyo ni kweli. Kwa hiyo hata yeye ameona. Alitaka kuuliza, umeona nini, tangu lini. Alisema tu “ahsante”, neno ambalo hata leo hajui lilitokea wapi. Na mkewe akamtengea maji ya kuoga, akamnyooshea taulo, akamwambia polepole, kama anavyoambiwa mgonjwa, “sabuni iko kulia.”

Jumapili hakutaka kutoka kitandani. Mkewe ndiye aliyemwamsha, kavaa viatu, na ndege iko mkononi.

“Twende wote leo. Iruke hata mara moja.”

Mkewe hakuwa amewahi kwenda naye uwanjani. Dereva alielewa, au alidhani ameelewa: anaagwa. Wakaenda. Akaweka ndege kwenye nyasi, akawasha, akasukuma kijiti kulia kwa kidole kisicho na nguvu. Usukani ukalala kushoto. Akafumba macho, akapiga magoti, akafungua tumbo la ndege na kupeleka vidole kwenye waya.

Mkewe akamdaka kifundo cha mkono.

“Acha, mume wangu. Usiiguse. Nimeshaiweka sawa.”

“Umeweka sawa nini?”

“Waya. Tangu siku nilipouona, kila Jumapili ukiingia kuoga naurudisha. Wewe kila mara unautia tundu la kushoto. Mpaka ukaliwekea na alama, maskini! Nilipoiona ile nukta nililia mpaka mteja akadhani naumwa jino. Wewe mwenyewe ulinifundisha, tundu la kulia, usisahau. Nikasema, huyu sasa anafuata njia ya baba mkwe.”

Dereva alimtazama. Alitazama waya. Alitazama nukta.  Maneno yaliingia moja moja, kila moja likisukuma lililotangulia.

“Sukuma kijiti kulia,” alisema mwishowe, akimkabidhi rimoti.

Akasukuma. Usukani, kushoto.

“Haa,” mkewe alisema.

Dereva akahamisha waya tundu la kushoto. “Sukuma tena.”

Kulia. Msusi akasukuma mara ya tatu, mara ya nne, kijiti na usukani vikifuatana, akageuza ile rimoti chini juu.

“Hii si rimoti yetu.”

“Yetu iliingia kwenye ndoo yako.”

“Ulikuwa umeiweka wapi?”

“Kwenye rafu.”

Alimwangalia kwa jicho ambalo dereva alilikimbia tangu mwanzo. Lakini lile neno lake halikutoka. Badala yake alikaa chini kwenye nyasi, pu, mikono kichwani. “Mungu wangu, nimekutoa kwenye basi,” alisema, na akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na dereva naye akakaa, na sijui ni yupi kati yao alimshika mwenzake kwanza. Dereva alikuwa na hasira naye. Alikuwa na aibu. Na juu ya vyote alikuwa na furaha ya kipumbavu ya mtu aliyerudishiwa kichwa chake mwenyewe, kikiwa na kila kitu ndani.

Walimrusha Mpangaji siku ile mpaka betri ikaisha. Msusi naye alijaribu. Ndege ilipogeuka kuja usoni pake alipiga yowe, “kulia ni wapi sasa?” na mumewe akamshika mabega akamgeuza. “Ipe mgongo. Elekea inakoelekea yenyewe, uichungulie begani. Hapo kulia kwake ni kulia kwako.” Akageuka, akachungulia, na ndege ikakunja vizuri upande alioutaka.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu aliwaona watu wawili wakiingia ofisini kwake na ndege iliyoandikwa INAPANGISHWA. Wakamweleza kwa zamu, kisha kwa pamoja, kisha kwa kukatizana. Wakamsukumisha kijiti. Alikuwa mwanamke msomi na hakuambulia hata nusu.

“Kwa hiyo nani mgonjwa?” aliuliza.

“Hakuna,” msusi alisema. “Tulikuwa hatuambiani tu.”

Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani. Mhasibu alikuwa ndani ya basi, akitafuta gia kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. Mwalimu akatoka, akamshusha, akachukua funguo, lakini hakumpa dereva mara moja. “Nina watoto wa watu humu,” alisema. “Lazima nione mwenyewe.”

Dereva akapanda. Kiti kilikuwa kimesogezwa, akakirudisha. Watoto walikuwa kimya nyuma yake, na kimya chao kilimtisha kuliko kelele. Mkewe akaenda kusimama mbele ya basi, amemkabili, Mwalimu Mkuu ubavuni pake. Dereva akawasha indiketa ya kulia, ambayo kwenye basi lile kuukuu huwaka hata bila funguo. Aliijua ni ya kulia. Aliijua kabisa. Akatoa kichwa dirishani.

“Ipi inawaka?”

“Ya kushoto!” mkewe alijibu kwa sauti.

 Alitazama mkono wake kwenye usukani, akautazama wa pili, na kwa kitambo kile kidogo baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa basi akimkaribisha. Mwalimu Mkuu alifumba kiganja juu ya funguo.

Msusi akapiga hatua moja mbele, akasimama. Akatazama taa, akatazama uso wa mumewe dirishani. Kisha, taratibu, mbele ya shule nzima, akaligeuzia basi mgongo, akaelekea kule basi lilikokuwa likielekea, akachungulia begani.

“Ya kulia,” alisema, na akanyoosha mkono wa kulia juu, akauacha huko mpaka Mwalimu Mkuu akapanda ngazi na zile funguo.