Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mimi sikuumbwa kungoja. Chai huniunguza ulimi kila siku kwa kuwa siwezi kusubiri ipoe, na mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, kule kungoja matokeo kuliniwasha kama upupu. Nyumba yetu ya Ukunda niliizunguka toka ukumbini hadi uani, toka uani hadi ukumbini, mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa kuchora ramani za nyumba. Alikuwa ameleta kompyuta kuukuu kutoka Mombasa, akaiweka ukumbini, na ndani yake mlikuwa na kadi ya picha, ile inayoifanya nyumba iliyochorwa izunguke kwenye skrini, uione mbele na nyuma, mpaka ngazi za ndani. Bwana mmoja wa Tiwi alitaka kujenga nyumba za wageni, na alikubali kuja kuitazama kazi Ijumaa baada ya swala. Akiipenda, kaka atafanya kazi hapa hapa nyumbani. Asipoipenda, kaka ataenda kuajiriwa Mombasa, na mama hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Taabu ni kwamba nyumba ile ya kwenye skrini haikuzunguka, ilirukaruka. Kaka alikuwa amepewa gazeti la kompyuta na mgeni mmoja wa hoteli ya Diani, na humo akasoma kwamba kadi inaweza kuongezewa mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani, kwa programu ndogo tu. Lakini kwa adabu: unapandisha namba kidogo, unaiacha picha izunguke saa nzima, unatazama kama kuna madoa au mistari, ndipo upandishe tena. Tuliufungua ubavu wa kompyuta, tukaielekezea feni ya mezani. Kila baada ya saa kaka alikigusa kibati kinachopoza kadi, akahesabu. Kidole kikivumilia mpaka kumi, twende. Kikikataa, turudi nyuma.

Saa nzima! Kwa kanamba kadogo vile! Siku tatu nilikaa pale nikitingisha mguu.

"Kaka, si tupandishe yote mara moja tujue moja?"

"Wewe ungekuwa mpishi, tungekula wali mbichi," alinijibu.

Asubuhi ya Ijumaa kidole kiligoma kwenye saba. Kaka akarudi hatua moja, akajaribu tena, akaridhika. Picha ilikwenda vizuri, ila ikifika kwenye ngazi ilishtuka kidogo.

"Hapo hapo panatosha," alisema akivaa kanzu. "Usiiguse."

Nilivumilia mpaka alipopotea kwenye kona. Ule mshtuko wa kwenye ngazi ulinikera kama mchanga ndani ya jicho. Nikapandisha hatua tatu kwa mpigo, tena nikaiagiza programu ianze na mwendo huo kila mashine ikiwashwa. Nyumba ikazunguka laini, ngazi na vyote. Kidole sikuweka. Nilitazama dakika mbili, nikaenda uani kufua, kisha nikaingia kuoga nikiimba.

Nilipotoka, mgeni alikuwa ameshaketi ukumbini. Nikajibanza nyuma ya pazia la mlango, leso niliyojifunga imelowa, nikachungulia. Kompyuta nzima ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye mawaridi ambacho mama alikitoa siku za Idi tu. Kwetu redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata mtungi wa maji chake; kukiacha kitu wazi mbele ya mgeni ilikuwa aibu. Kaka alikifunua. Skrini ilijaa mistari ya kijani, na nyumba imeganda nusu, ukuta mmoja ukielea bila paa. Akazima, akawasha. Ikazunguka kidogo, ikaganda tena.

"Nimekosa mimi, mwanangu," mama alisema. "Nimeifunika, ikakosa pumzi."

Kaka angemwambia nini mama? Nami nyuma ya pazia neno lilikuwa ulimini, na mimi huyu nisiyejua kungoja nikalingojesha. Mgeni alikunywa chai, akala mahamri mawili, akasema inshallah tutaonana. Kazi alimpa mtu mwingine. Kaka akaenda Mombasa, tukawa tunamwona mwisho wa mwezi.

Alasiri ile ile ya Ijumaa nilizirudisha zile hatua tatu. Kadi ikafanya kazi kama haijawahi kuumwa. Wiki hiyo nilimchukia kila mtu, nikianza na nafsi yangu.

Kwa miaka kaka alimtania mama kila alipokuja: "Usinifunike na mimi, mama, nitakosa pumzi." Mama alicheka, nami nikatafuta sababu ya kutoka nje.

Nilimwambia mama mwaka jana tu, tukichambua mchicha uani. Niliyasema yote kwa pupa, kama ada yangu. Mikono yake haikusimama.

"Najua," alisema. "Nilipita ukumbini nikaiona ile mistari, na wewe uko bafuni unaimba. Mara nikamsikia kaka yako anapiga hodi na mgeni wake. Ndipo nilipochukua kitambaa."

Nikamuuliza mbona hakusema, miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nikikungoja useme mwenyewe," alijibu, akanisogezea fungu jingine la mchicha.