Pampu Iliyofunga

Juzi hapa Riyadh mwanangu alifunga pampu ya umeme ya petroli kwenye gari kuukuu la marehemu babu yake. Akaiweka nyuma, karibu na tangi. Nikamkumbuka baba na gari lilelile, mchana mmoja wa Ramadhani, Jeddah, harufu ya petroli imechanganyika na ya sambusa za mama. Baba alitaka mno tukafuturu Makka. Yeye pampu aliiweka ubavuni mwa injini, ikawa inavuma tu, gari limezimika.

“Astaghfirullah! Nimeifunga vizuri, mbona hainywi?”

“Si imefunga, baba,” nikamwambia. “Ngoja maghribi.”

Mama akacheka. Baba hakucheka.

Sikujua kwamba ni joto la injini lililoichemsha petroli, pampu ikawa inavuta mvuke mtupu. Adhana ikalia, injini imeshapoa, gari likawaka. Baba, tende bado iko mkononi, akalipiga gurudumu teke.

“Haya! Limefuturu kabla yetu!”