Siku Niliyomwambia Baba "Bado"

Juzi pale Hedaru nilimwona mzee akikata kandambili kuukuu atengeneze boya la mshipi, nikamkumbuka baba kwenye bwawa la Kalimawe.

Alasiri ile upepo ulinuka matope. Baba alinipa ndoana akasema, "Leo funga wewe, mwanangu. Na chambo uweke wewe." Nilifurahi, nikidhani ameona nimekua. Nikamchomeka mnyoo, nikafunga boya, naye akarusha mshipi na kuusimika ufito ukingoni.

Kila mara aliuliza, "Boya limezama?"

Lilikuwa mbele yake, jekundu kabisa. Nilidhani ananitania, nami nikamtania. Lilipozama nikajibu, "Bado, Baba." Akaendelea kungoja kwa utulivu, hadi perege akamaliza chambo na kwenda zake. Nilipomwambia nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba naye alicheka, huku akipapasa majani kutafuta viatu vyake.

Hatukwenda kuvua tena. Baada ya kumzika ndipo mama aliponieleza kwamba macho yalikuwa yakimfia tangu wakati ule. Alitaka kuliona bwawa mara ya mwisho, akaomba aende na mimi.