Siku Niliyohutubia Shamba la Mama

Nakumbuka siku moja ya palizi kule Manga, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachoka upya. Keti. Sitakuweka sana, pumzi yenyewe siku hizi ni ya kuazima.

Miaka ya sitini tulikuwa na mwalimu mmoja, Makori. Alifukuzwa kazi kwa kufundisha kwamba ardhi ni ya anayeilima, si ya mwenye karatasi. Akawekwa ndani, akatoka, akaendelea kuandika mawazo yake kwenye madaftari ya shule. Wakubwa walimwita kichaa. Sisi vijana tulimwita mwanafalsafa, na mimi, ole wangu, nilijiona mrithi wake. Madaftari yake nilikuwa nimeyakariri yote.

Akina mama nao walikuwa na egesangio, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwa mwenzako, na zamu ikikupita imekupita. Siku ya mama yangu, wanawake kumi na wawili walikuja kupalilia shamba lake la wimbi. Wimbi si mahindi, mwanangu. Kuna magugu yanayofanana kabisa na mche wenyewe. Lazima uiname, uchague kwa mkono. Ukichelewa wiki moja huna mavuno. Na mama alikuwa mjane, alitegemea shamba hilo kutulisha.

Basi nikapanda juu ya kichuguu. "Akina mama, jueni nguvu yenu!" Nikawamwagia unyonyaji, nikawamwagia mapinduzi. Kwa adabu wakaacha kazi, wakanisikiliza. Si msomi huyo!

"Baba, waache watu wafanye kazi," mama akanisihi.

"Subiri mama, nafikia penye uzito."

Mjinga mimi! Mvua ya huku kwetu haina subira. Ilishuka, kila mtu akakimbilia kwake, na hata robo ya shamba hawakuwa wamefika.

Kesho yake Mwalimu Makori alipita njia, akamkuta mama ameinama peke yake, nami niko barazani naandika hotuba nyingine. Akavua koti, akapiga magoti topeni, akapalilia mpaka adhuhuri bila neno. Kisha akaniambia, "Yale madaftari niliyaandika jioni, nikitoka shamba kama hili. Wewe umeanzia wapi?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Zaidi ya nusu ya shamba ilimezwa na magugu, na mwaka ule dada yangu mdogo alilala njaa mara nyingi. Mama hakunilaumu. Afadhali angenichapa.

Makori alikufa fukara miaka ya sabini. Leo wakubwa wanamsifu majukwaani, wananiita nami nikamsifu. Siendi. Nimechoka na hotuba, mwanangu, nimezisikia tangu uhuru.

Shika hili tu: ukiwapenda watu, anza na kazi iliyo mikononi mwao, ndipo useme, tena useme kidogo. Usimwambie mwenye njaa asubiri umalize.

Haya, nenda. Mungu akujalie mikono isiyoogopa tope, na asilale njaa mtu yeyote nyumbani kwako kwa sababu ya maneno yako.