Mkono Uliokataa Amri

Nilitoka Bukoba asubuhi bila mpango, kama kawaida yangu, ila mkono wa kulia ulikuwa haujakubali safari. Nilikuwa nimelewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikalala kitini huku mkono umening'inia nyuma ya egemeo. Nilipoamka kiganja kilikuwa kimelegea kama jani la mgomba lililopigwa jua. Nikakiamuru kinyanyuke. Nikakitukana. Kikanisikiliza kwa heshima zote, kikabaki palepale.

Nikapanda lori la kahawa la kwenda Nshamba. Juu ya magunia alikaa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, anarudi kwao likizo. Akaanza kunibonyeza mkono bila kuombwa.

"Unauma?"

"Hapana. Umekufa tu."

"Haujafa, wewe! Misuli ni mizima. Ubongo ndio Boma la serikali, unatoa amri. Mshipa wa fahamu ndio tarishi wa kuipeleka. Nawe umemlalia tarishi usiku kucha."

"Atapona?"

"Majuma kadhaa, ukiacha kulewa kwenye viti. Hebu geuza kiganja juu."

Nikageuza. Vidole vikafunguka vyenyewe.

"Usijisifu," akasema, "huo ni uzito wake tu."

Niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa upesi. Amri za Boma kupotelea njiani nimeziona tangu utoto. Sikujua tu kwamba nami nimeundwa kwa utaratibu uleule bora.

Nshamba sikumjua mtu, na mvua ilikuwa inakuja. Dukani wakanielekeza kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha kupangisha.

"Lakini jihadhari," akasema mwenye duka. "Jana kamfukuza fundi baiskeli. Alipokea kahawa kwa mkono wa kushoto."

Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa kavu za kutafuna, naye huzipokea kwa mkono wa kulia. Hata mtoto anajua. Mkono wangu pekee ndio ulikuwa haujui.

"Kaboneka, waitu," nikamsalimu mama, nimepiga goti.

Akaitikia, akanyoosha kikapu kidogo, macho kwenye mikono yangu. Nikaushika wa kulia kwa wa kushoto, nikauinua kama mzigo, nikageuza kiganja juu. Kikafunguka.

Mama akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni.

"Umeona? Mikono miwili, na goti juu yake! Huyu kalelewa. Siyo wale mahayawani wenu wa mjini."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Shingo, ashukuriwe Mungu, ilikuwa bado inapokea amri.

Chumbani mlikuwa na kitanda, mkeka, na kiti kimoja chenye egemeo. Kiti nilikitoa nje.