Hema ya Mama Mkwe

Mume wangu Nehemiya ni mtu wa aibu, na si aibu ndogo. Akitaka kukohoa kanisani, anatoka nje kwanza. Mimi Orpa ndiye niliyeolewa naye, tumelima pamoja hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka mingi, na ninampenda hivyo hivyo, ingawa kuna siku natamani kumpiga mwiko.

Mwaka 2009 tukapata habari kwamba mama yangu mzazi amebaki peke yake kule kwetu Kongo, juu ya milima ya Uvira. Majirani wote wameshuka kukimbia vita, kifua kinamsumbua, na mvua zimeanza. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, sikuweza kwenda. Nehemiya akasema, "Nitaenda kumuleta mimi." Mungu wangu! Nilimkumbatia mbele za watu, akakasirika.

Shida ilikuwa njia. Kushuka na mgonjwa ni kulala mlimani, fasi ambako nyumba zote zimeungua. Na mvua ya kule haishuki kama ya watu wengine. Inakuja na upepo, inakupiga ubavuni, halafu ukungu unakaa mpaka mchana. Kwa kifua kile, Mama akilowa mara moja tu, tumempoteza. Basi tukaenda Mbarara kutafuta hema.

Sokoni tukamkuta muuza mivumba, yaani mitumba, mwenye hema mbili, zote za wazungu waliopanda milima. Moja kubwa, ya turubai nene, yenye vyumba viwili na pazia katikati. Nehemiya akafungua lile pazia, akalifunga, akalifungua tena, akatabasamu.

"Ni hii," akasema.

"Ibebe basi, nione."

Akaiweka begani. Hakufika hata duka la pili, jasho likaanza kumtoka. "Iko muzito kidogo."

"Kidogo? Na chakula utabeba na meno? Na mizigo ya Mama?"

Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi kama mtoto wangu niliyemfunga mgongoni. Hiyo niliikagua kabisa. Sakafu yake imeshonwa pamoja na kuta na inapanda kidogo kama beseni, maji hayapati pa kuingilia. Kitambaa ni mara mbili: cha ndani kinapitisha pumzi, cha nje kinazuia mvua na kufika hadi chini. Nikamwambia Nehemiya aingie alale, nikaomba jagi la maji, nikamwagia kwa pembeni, kwa nguvu, kama mvua ya kwetu.

"Umelowa?"

"Hapana."

Nikaongeza jagi lingine. Watu wakajaa kutazama.

"Nyabo, utaua bwana yako!" muuzaji akacheka.

Nehemiya akatoka mkavu, lakini uso umekunjamana. Akanivuta pembeni. "Orpa, hii iko na chumba kimoja."

Nilijua tu tutafika hapo. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anapita majanini. Kulala naye fasi moja ndogo vile ni kosa la kuitiwa wazee.

"Mama atalala ndani," akasema. "Mimi nitajifunika shitingi ya plastiki huko inje."

"Baridi itakuua."

"Afadhali baridi kuliko aibu."

Mjinga huyu! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Tukachukua ile ndogo.

Walifika Rubondo mwezi uliofuata. Mama amekonda, anakohoa, lakini anatembea kwa miguu yake. Sijamaliza hata kumkumbatia, Nehemiya akasimama uani, macho chini.

"Orpa, ita wazee. Nimekosa."

Mzee Sebagabo wa kanisa letu akaja na wenzake. Nehemiya akaanza kueleza. Mama akamkatiza.

"Nyamaza, nitasema mimi. Tulikuwa juu kabisa, jioni, mvua ya mawe ikaanguka. Ndani ya ile hema nilikuwa mukavu, lakini baridi ya udongo ilinipanda, kifua kikaanza kufunga. Inje nasikia meno ya huyu yanagongana. Nikamuita aingie, akajivuta mbali zaidi. Nikamuita tena, akasema haiwezekani. Basi nikatoka, nikaikala mu matope karibu yake. Nikamuambia, sirudi ndani mpaka uingie. Ndiyo akaingia. Tukapeana migongo. Moto wa mugongo wake ndio ulinifikisha hapa. Sasa munataka kumutoza nani faini? Mimi ndiye nilimuita."

Mzee Sebagabo akawaangalia wenzake. Hakuna aliyetaka kumtoza mtu. Akauliza kama kuna chakula.

Nikaleta ugali na maharage. Sahani ya Mama nikaipeleka ndani ya nyumba, ya wanaume nikaiweka nje. Mama akakataa kuingia. Akaketi kwenye mkeka wa wanaume, akapigapiga kando yake kwa kiganja.

"Kuya tukule, mwana wangu."

Nehemiya akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.