Shokapu za Kumleta Dada Yosefina Nambis

Dada yangu Yosefina aliolewa Getanuwas, kwa marehemu Gidamang, na tangu avunjike nyonga hajafika tena kwetu Nambis, Mbulu. Mara ya mwisho alipojaribu, gari lililomchukua lilimrusha mpaka akateremka njiani na kurudi kwake juu ya mkokoteni wa punda. Mwaka huu akatuma ujumbe kwa simu ya mwanawe: anataka kuiona nyumba aliyozaliwa kabla hajafumba macho, lakini gari likimrusha hata mara moja anateremka, na tumwache hapo hapo. Kwa watoto wa mzee Hhawu tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Nikasema nitakwenda kumchukua mwenyewe.

Gari lilikuwepo. Mjukuu wangu Emanueli, tunayemwita Ema, ni mwalimu, na ana gari dogo analoendea shuleni kila siku pamoja na wenzake, Mwalimu Neema na Mwalimu Kimaro. Lakini shokapu za gari hilo zilikuwa zimekufa. Zilivuja mafuta, na likipita kwenye shimo liliendelea kuitikia mpaka shimo la pili, kama mtu anayesema amina wakati padre ameshakwenda kula.

Ema akaniambia tutapitia Katesh, kuna fundi anauza koilova. Nikamuuliza ni dawa ya nini. Akanionyesha picha kwenye simu. Ni shokapu iliyovaa springi yake mwilini, imechongwa uzi kama wa skrubu, na juu ina kitufe. Ukizungusha ringi zake gari linapanda au linashuka. Ukizungusha kitufe linakuwa gumu au laini.

"Tukifunga hizi, Bibi, gari litakaa chini. Litapendeza."

"Chini wapi, mume wangu?"

"Karibu na barabara."

"Barabara ya Nambis unaijua. Ukiikaribia itakuuma."

Alicheka, lakini niliona hajaacha wazo lake. Kwenye simu yake picha zote zilikuwa za magari yaliyolala chini kama mbwa mwenye hatia. Yeye alitaka gari la kuangaliwa, na mimi nilitaka gari la kumbeba Yosefina.

Asubuhi ya safari nilivaa shuka langu jipya, nikabeba kibuyu cha maziwa ya mgando, maana huendi kwa dada yako mikono mitupu hata kama ana ng'ombe kukushinda. Ema alitaka kukiweka nyuma kwenye buti. Nikamwambia maziwa hayasafiri na tairi la akiba, nikakipakata.

Kabla ya Dongobesh tulimpita Martha wa Qamara anafagia uwanja, nikampungia. Mkono niliompungia ndio uliokuwa unashika kifuniko. Gari likaruka, maziwa yakampata Ema kisogoni. Alijifuta kwa kitambaa cha kioo, akaendelea kuendesha akinuka kama ndama.

Bashnet, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Dareda, ndipo nilipojua kwa nini Yosefina aliapa. Kila Ema alipokanyaga breki, pua ya gari ilisujudu, na mimi nikasujudu nayo. Nikaanza kuwataja marehemu wetu wote kwa majina, kuanzia kwa babu, ili wasishangae wakiniona nafika.

"Bibi, unasali?"

"Nabisha hodi. Wewe tazama mbele."

Dareda tukaingia kwenye lami na gari likatulia.

"Limepona," nikasema.

"Hapana, Bibi. Barabara ndiyo nzima."

Katesh tulifika jua limeshapanda, mlima Hanang umejifunika wingu kichwani. Fundi anaitwa Jumanne. Ni Mnyiramba wa Singida, mama yake ni Halima, mke wake ni Zaituni na kifunga mimba wao ni Shabani. Haya yote niliyapata kabla Ema hajamaliza kufunga milango. Fundi alinipa shikamoo yangu vizuri, akaniletea kiti, nami nikafungua kibuyu nimpe kikombe cha maziwa yaliyobaki. Hayakutoka maziwa. Yalitoka maji maji meupe, kisha likafuata donge la siagi.

Kwetu msichana hutikisa kibuyu asubuhi nzima mpaka mkono ukafa ganzi ndipo apate siagi. Gari la Ema lilikuwa limeifanya kazi hiyo bila kuombwa.

Fundi Jumanne alilitazama donge, akalitazama gari. "Mwalimu," akasema, "sina haja ya kuingia chini ya gari. Nimeshaona." Akaomba siagi ya kulia ugali wake.

Alikuwa na koilova za aina mbili zinazoingia kwenye gari letu. Za kwanza nyekundu, springi yake fupi na nene kama kisigino cha mwanajeshi. Za pili za buluu, springi ndefu zaidi na nyembamba kidogo. Ema alizikamata zile nyekundu kabla hajaambiwa chochote.

"Hizo, Mwalimu, kwenye kona zinashika kama kupe," fundi akasema.

"Nani amekuambia tuna kona?" nikamwambia. "Sisi tuna mashimo."

"Bibi, ngumu ndiyo imara," Ema akasema.

"Jiwe nalo ni imara. Mbona hulalii?"

Fundi akaona tutabishana mpaka jioni. Gari lake mwenyewe lilikuwa limefungwa zile nyekundu, akasema nipande anizungushe sokoni, nikirudi niseme mwenyewe. Lilikuwa limelala chini kiasi kwamba kuingia niliingia kama ninayeanguka. Tukazunguka. Barabara ilinisimulia mambo yake yote kupitia kiunoni. Nilijua jiwe liko wapi, na kifuniko cha soda kiko wapi. Kwenye tuta la mbele ya soko tumbo la gari likakwaruza, wauza nyanya wakageuka.

Kuingia ilikuwa rahisi. Kutoka ndiko kulikuwa na kesi. Magoti yalikuwa juu, kiti kiko chini, hakuna pa kushika. Fundi alivuta mkono mmoja, Ema mwingine. Muuza nyanya mmoja aliyetufuata mpaka kwa fundi akasema, "Mvuteni taratibu, msije mkabaki na mikono." Nilipokuwa nimesimama nikamuuliza Ema kitu kimoja tu.

"Yosefina, na nyonga ile, tutamvuta kwa kamba?"

Ema akazitazama zile nyekundu kwa muda, akazirudisha mwenyewe mahali pake. "Za buluu," akasema. "Lakini tushushe kidogo."

"Hatushushi."

"Kidogo tu, Bibi. Vidole viwili."

Fundi akamweleza kwamba hata hizi ukizishusha sana springi hazina nafasi ya kubonyea. Shimo likija zinafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma, tena kila siku unabeba walimu, na vumbi linakula mpira ulio juu ya shokapu. Ema akakubali zikae kwenye kimo cha zamani. Hapo ningenyamaza ningekuwa mshindi wa heshima. Lakini nilishaonja ushindi, nikataka wote.

"Na hicho kitufe kiwekwe laini mpaka mwisho."

"Bibi, laini sana nayo ina yake," fundi akasema.

"Laini haijawahi kumvunja mtu."

Wakafunga. Kazi ilichukua mchana, kisha fundi akayapima magurudumu na kuyanyoosha, kwa sababu ukigusa shokapu matairi nayo huenda upande. Akampa Ema ufunguo wa kuzungushia zile ringi. Tukaaga.

Njia ya kwenda Getanuwas ni ya vumbi, ina mawimbi ya nyayo za ng'ombe na matairi ya malori. Mwanzo nilifurahi. Tulipita shimo na sikurushwa. Lakini gari halikuacha. Lilipanda polepole, likashuka polepole, likaegemea huku, likafikiri, likaegemea kule. Ilikuwa kama kubebwa juu ya kitanda na watu wasioelewana. Mate yakaanza kujaa mdomoni. Nikatazama kwa mbali, nikamtazama Ema, nikatazama mapaja yangu. Nilikuwa nimetangaza mbele ya fundi na muuza nyanya kwamba laini haimvunji mtu, kwa hiyo nikavumilia.

Uvumilivu uliishia kwenye mgunga mmoja. Nilimwambia Ema asimame nichimbe dawa. Nilikwenda nyuma ya mti nikatapika kila kitu, hata chai ya jana.

"Ni nini, Bibi?"

"Siagi."

"Siagi ameila fundi."

Nikafuta mdomo. Nilimfikiria Yosefina amekaa mlangoni na ile fimbo yake, anangoja. Kama mimi mzima nimetapika, yeye mwenye nyonga mbovu atashuka kabla ya Katesh, na hatapanda tena maishani. Aibu yangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo.

"Ema, mume wangu. Kaza."

Ni mtoto mwema, hakucheka mbele yangu. Alifungua boneti, akazungusha vitufe vya mbele, vikawa vinalia tik, tik. Akafungua buti, akazungusha vya nyuma. Tukaenda hatua kidogo. "Bado linafikiri," nikasema. Akashuka akaongeza. "Sasa linasema sana." Akashuka akapunguza. Wachungaji waliokuwa karibu wakasogeza ng'ombe wao kuja kumtazama mwalimu anayefungua na kufunga gari kama anatafuta nyoka. Mwisho tukapita kwenye shimo, gari likasema "mh" mara moja, likanyamaza.

"Hapo hapo," nikasema. "Usiguse tena."

Getanuwas, kwa dada, tulikuta ng'ombe ndio wanaingia. Yosefina alikuwa mlangoni kweli, amejifunga shuka, fimbo mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umepauka hivyo?"

"Ni safari."

Akageuza kichwa kuelekea kwenye gari, na nikaona mkono wake umeikaza fimbo. "Ndilo hili linalopausha watu?"

Nikamweleza nilivyokosea kwa kitufe na Ema alivyosawazisha. Akalizunguka gari mara moja, akapigapiga tairi kwa fimbo kama anayenunua dume. Kisha akatoa amri. Mimi nirudi kwenye kiti, Ema aniendeshe pale mbele ya boma, penye mifereji iliyochimbwa na kwato, kwenda na kurudi, yeye akae atazame. Tukaenda, tukarudi. Akatikisa kichwa, tukaenda tena. Mwanawe na wake wa jirani wote walitoka kutazama.

"Sikuwa natazama gari," aliniambia niliposhuka. "Nilikuwa natazama kichwa chako. Hakikuruka. Nitakuja."

Asubuhi tulipomaliza chai, tukagundua kwamba haji peke yake. Anakuja na gunia la maharage, mbuzi, madebe mawili ya mahindi, na godoro lake kwa sababu halalii la mtu mwingine. Tulipopakia, gari likashuka nyuma mpaka likawa chini kama zile picha. Ema alisimama mbali akaliangalia, uso wake ukang'aa. Alilipiga picha kabla ya kusema lolote. Kisha tukasogea kidogo, tairi likalia dhidi ya bati la ndani. Akatoa jeki na ule ufunguo, akalala kwenye vumbi akiwa na shati lake la kuendea shule, akazungusha ringi za nyuma mwenyewe mpaka gari lake likasimama juu kuliko siku alipolinunua.

"Limekuwa kama mbuzi aliyesikia fisi," Yosefina akasema.

"Ndiyo, Bibi," Ema akajibu, akipangusa magoti. "Karibu upande."

Katesh tulisimama fundi Jumanne akakaza nati zote upya, maana alisema kitu kipya hukazwa mara ya pili baada ya safari ya kwanza. Yosefina hakushuka. Hakusema kitu pia, na huo ukimya ndio uliotutisha. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma na mbuzi. Kila shimo likija, Ema alishika usukani kwa mikono miwili na mimi nilishika mlango.

Dareda tukaanza kupanda. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha kila kitu: alipokaa shangazi Anastasia, mto uliomchukua ndama wa baba, mahali tulipopigwa na mvua tukiwa wasichana. Kabla ya Bashnet lori likatoka kwenye kona, Ema akakwepa, na gurudumu la nyuma upande wa Yosefina likaingia kwenye shimo ambalo hata trekta lingeomba radhi. Gari likazama, likainuka, likasema "mh" yake. Ema akapunguza mwendo.

"Dada?" nikaita.

Nikageuka nikitarajia kumwona anatafuta kitasa. Yosefina alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa juu ya mgongo wa mbuzi, anakoroma.

Alilala Bashnet, akalala Dongobesh, akampita Martha wa Qamara huku anakoroma. Hadithi zangu zote za njiani nilizibeba bure mpaka Nambis. Tuliposimama mbele ya nyumba ya baba ndipo alipofungua macho.

"Mmesimamia nini?"

"Tumefika, dada."

Alishuka taratibu, mwenyewe, bila kuvutwa. Akaenda mpaka ukutani, akaweka kiganja pale dirisha la mama lilipokuwa, akakaa hivyo. Ema alishusha maharage kwa adabu, bila kubamiza mlango.

Nilichojifunza ni kwamba shokapu hazichaguliwi kwa rangi wala kwa picha. Unamuuliza atakayekaa ndani ana nyonga gani, na barabara yake ni ipi, kisha unapanda kwanza kabla hujafungiwa. Ngumu huvunja, laini nayo hutapisha.

Jumatatu Mwalimu Neema na Mwalimu Kimaro walipofika kuchukuliwa walimkuta Yosefina ameshakaa kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti. Aliwaambia wakae nyuma, wao bado wana viuno. Ema akamuuliza anakwenda wapi. Akasema popote gari linapokwenda. Sasa ni hivyo kila siku, na jioni ananisimulia mashimo. Anasema atarudi Getanuwas akishaimaliza Mbulu yote. Sina haraka ya kumwambia kwamba Mbulu si kubwa.